Seoul au Tokyo kwa Mega za Gitega

Wimbo mmoja wa dakika 4 unaweza kula mega 3, mega 18 au mega 100, na sauti ikawa karibu ileile. Mega 3 ni pale unaposikiliza sauti peke yake kwenye programu kama Spotify, iliyofunguliwa Burundi mwezi Februari 2021, ukiwa umeiweka kwenye ubora wa kawaida. Mega 18 hivi ni video ya YouTube kwa ubora wa 360. Mega 100, na pengine kuzidi, ni video hiyohiyo kwa ubora wa 1080, ambao simu hujichagulia yenyewe ikiona mtandao ni mzuri. Kwa hiyo giga moja humpa mtu wa Gitega nyimbo zaidi ya 300 za kusikiliza, au video 55 za kutazama kwa ubora wa wastani, au video 10 nzuri sana na bando likaisha kabla ya magharibi.

Hesabu hiyo ndiyo ninayomwambia aanze nayo kila kijana wa Gitega au Muyinga anayetaka kujua achague muziki upi, wa Korea au wa Japani. Ubishi wa nani anacheza vizuri na nani ana sauti tamu hauna mwisho, na kila mtu ana haki ya moyo wake. Lakini mega zina bei, dola ina bei, na nchi hizi mbili zinauza vijana wao waimbaji, wale wanaoitwa aidoli, kwa namna zisizofanana kabisa. Tofauti hiyo inakugusa hata ukiwa umekaa Magarama ya Gitega au karibu na soko la Muyinga, maelfu ya kilomita kutoka Tokyo.

Korea Kusini ina watu kama milioni 51, soko dogo kwa kampuni zinazotaka kukua. Kampuni zake kubwa za muziki, SM iliyoanzishwa 1995, YG ya 1996 na JYP ya 1997, mapema ziliangalia nje. YouTube ilipoenea ziliweka kila kitu humo bila malipo: video, mazoezi ya kucheza, vichekesho vya nyuma ya jukwaa. Video ya PSY ya "Gangnam Style" iliwekwa Julai 2012, na Desemba mwaka huohuo ikawa ya kwanza YouTube kutazamwa mara bilioni moja. BTS, waliotokea Juni 2013 katika kampuni ndogo ya Big Hit, ambayo leo ni HYBE, walipanda kwa njia hiyohiyo: mashabiki wa mbali walishiba kwanza bure, wakaanza kulipa baadaye.

Japani hawakuhitaji kufanya hivyo. Soko lao la muziki ni la pili duniani baada ya Marekani, na hadi leo Wajapani wengi wananunua CD. Kampuni ya Johnny & Associates, iliyoanzishwa 1962 na kutawala vikundi vya wavulana kwa miongo, ilizuia wasanii wake kuonekana mtandaoni kiasi kwamba picha zao zilifichwa hata kwenye matangazo ya filamu walizoigiza. Kikundi chao cha Arashi, kilichoanza 1999 na kujaza viwanja vikubwa kabisa vya Japani, kilifungua YouTube yake mwaka 2019, kikiwa tayari kimetangaza kwamba kitapumzika. Shabiki wa Afrika aliyewapenda miaka ile hakuwa na duka wala video. Klabu yao ya mashabiki ilitaka yeni 1,000 za kujiunga na yeni 4,000 kila mwaka, na ilitaka pia anwani iliyoko Japani.

Ndiyo maana Korea inaonekana ya bei nafuu kwetu, na kwa siku ya kwanza ni kweli. Ukitaka kuvijua vikundi kama Stray Kids au BLACKPINK jioni moja, kila kitu kipo, na mara nyingi kina maandishi ya Kifaransa au Kiingereza chini. Tatizo linakuja wiki ya pili. Muziki wa Kikorea umetengenezwa utazamwe. Nusu ya utamu wake uko kwenye miguu, mavazi na kamera inayoruka kila sekunde mbili. Ukiwasikiliza bila kuwaona, unahisi umenyimwa kitu. Basi unatazama video, kisha mazoezi yake, kisha kamera iliyomfuata msanii mmoja tu kati ya wanane, kisha kipindi cha saa nzima wakicheza michezo. Saa moja ya video kwa 360 ni karibu mega 300. Saa moja ya sauti peke yake ni mega 43. Mtu anayefuata kikundi kimoja cha Kikorea kama kinavyotaka kifuatwe atakula giga kadhaa kwa wiki, na hapo hajanunua hata kitambaa cha mkono.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana, nayo ni kura. Vipindi vya muziki vya Korea hutoa tuzo kila wiki, na sehemu ya alama hutoka kwa mashabiki wanaopiga kura kwenye programu za simu. Kura ni bure, lakini ili uipate unatazama matangazo ya biashara, tangazo baada ya tangazo. Matangazo hayo ni video. Msichana wa Nyamugari, Gitega, anayempigia kura msanii wake usiku kucha amelipa kwa bando lake. Namwambia waziwazi: kura yako moja haitageuza matokeo ya Seoul, na mega zile zingekutosha kusikiliza albamu nzima mara tatu.

Na kura zenyewe zimewahi kuchezewa. Mwaka 2018 Korea na Japani zilishirikiana katika kipindi cha Produce 48, ambako wasichana wa nchi zote mbili walishindana na watazamaji wakalipia ujumbe wa simu kuchagua 12 watakaounda kikundi cha IZ*ONE. Mwaka 2019 ilibainika kwamba matokeo ya mfululizo huo yalipangwa, na mwaka 2020 mtayarishaji wake, Ahn Joon-young, alihukumiwa kifungo cha miaka 2. Waliolipa walikuwa watu wa kawaida, wengi wao vijana, waliodhani wanachagua.

Upande wa Japani, muziki unaotufikia kwa urahisi zaidi huja na katuni, ambazo vijana wote sasa wanaziita anime. Aliyekua na Naruto kwa tafsiri ya Kifaransa tayari ana sikio la Kijapani bila kujua. "Idol" ya YOASOBI, iliyotoka Aprili 2023 kama wimbo wa ufunguzi wa anime ya "Oshi no Ko", ilikuwa ya kwanza ya Kijapani kushika nafasi ya juu kwenye orodha ya Billboard ya dunia isiyohesabu Marekani. YOASOBI wenyewe si aidoli. Ni watu wawili, mtunzi na mwimbaji, na wimbo wao unasimulia uongo ambao aidoli analazimika kuusema kila siku ili apendwe. Mtu akiniuliza aanzie wapi na Japani kwa bando dogo, namwelekeza hapo, kwenye nyimbo zinazojitosheleza kwa sauti.

Kuna jambo la kiufundi ambalo wauzaji wa bando hawatakuambia. Video inayobadilika haraka, yenye taa, moshi na wachezaji kumi, huharibika vibaya ukiishusha ubora hadi 144. Unaona vipande vya rangi vinakimbizana. Video iliyotulia huvumilia. Chaneli ya Kijapani iitwayo THE FIRST TAKE, iliyoanza Novemba 2019, humweka msanii mbele ya ukuta mweupe na kipaza sauti kimoja, aimbe mara moja tu, bila kurudia. Hata kwa 144 uso unaonekana, na dakika 4 zinakula mega 4 au 5. Kwa mtu wa Muyinga ambaye mtandao unamkatikia jioni watu wote wakiingia, sijaona njia nyingine ya kutazama muziki inayolingana na hiyo kwa bei.

Kwa Mkorea fanya kinyume: sikiliza kwa sauti siku zote, na jiruhusu video moja nzuri kwa wiki, kwa ubora wa 480, ukiwa umetulia. Zima ile hali ya video inayofuata kujianzisha yenyewe. Kwenye YouTube weka kiokoa data, na usiiache simu ijichagulie ubora. Hatua hizi zinakata matumizi zaidi kuliko kubadilisha kampuni ya simu, iwe uko Lumitel, Econet au Onatel. Kuhusu kampuni zenyewe sitataja bei, kwa sababu bando hubadilishwa mara kwa mara. Angalia tu bei ya mega moja moja: gawanya faranga kwa mega, usidanganywe na idadi ya siku. Bando la usiku linamfaa anayepakua, na bando la siku 30 linamfaa anayesikiliza kidogo kidogo. Ukinunua mega za siku moja kila siku, mwisho wa mwezi huenda umelipa zaidi ya jirani yako mwenye matumizi kama yako.

Halafu kuna flashi na memori kadi. Vibandani, kijana mwenye kompyuta hukuwekea nyimbo kwa faranga chache, nawe huhitaji mtandao tena. Wimbo unaousikiliza mara 50 kwenye Spotify ya bure unaweza kula hadi mega 150, kwa kuwa toleo la bure halikuruhusu kuhifadhi nyimbo kwenye simu. Ule wa kwenye flashi umeulipia mara moja. Umeme wa REGIDESO ukikatika, simu inayocheza wimbo uliomo ndani hudumu na chaji kuliko simu inayovuta mtandao. Ninajua kwamba msanii hapati hata senti hapo. Ninajua pia kwamba kutazama kwako video rasmi mara chache kwa wiki kunamhesabia kitu, na hiyo ndiyo njia ninayoishauri: flashi kwa kurudia, chaneli rasmi kwa kutambua jasho la mtu.

Sasa tuje kwenye vitu, kwa maana biashara ya aidoli inaishi kwa vitu.

Japani ndiyo iliyofundisha namna ya kumuuzia shabiki mmoja kitu kilekile mara nyingi. Yasushi Akimoto alianzisha AKB48 Desemba 2005 katika ukumbi mdogo wa watu 250 huko Akihabara, Tokyo, kwa wazo la aidoli unayeweza kukutana naye. Ndani ya CD kulikuwa na tiketi ya kumshika mkono msichana kwa sekunde chache. Kuanzia 2009 hadi 2018 walifanya uchaguzi wa kila mwaka wa kupanga nani atasimama mbele, na karatasi ya kura ilikuwa ndani ya CD pia. CD moja iliuzwa kati ya yeni 1,000 na 1,700 hivi. Ukitaka kura 100, unanunua CD 100. Mwaka 2017 mwanaume mmoja wa Fukuoka alifikishwa mbele ya sheria kwa kutupa milimani CD 585 za kikundi hicho. Muziki wenyewe ulikuwa umegeuka kifungashio.

Wakorea walichukua somo hilo wakalifanya lisafiri. Tangu albamu ya "Oh!" ya Girls' Generation mwaka 2010, ndani ya albamu huwekwa kadi ndogo ya picha ya mwanakikundi mmoja, na hujui utampata nani mpaka ufungue. Kikundi kikiwa na watu 8 na albamu ina matoleo matatu, mwenye kumtaka mmoja tu anaweza kununua nyingi bila kumpata. Albamu yenyewe ni kitabu kizito cha picha chenye CD ambayo wengi wetu hatuna hata pa kuichezea. Huko Korea huuzwa kwa won 15,000 hadi 20,000, tuseme hadi dola 15.

Dola 15 kwa nani? Kwa bei ya benki, ambayo imekuwa karibu faranga 2,900 na kitu kwa dola, hiyo ni faranga 44,000. Lakini mwanafunzi hapewi dola benki kwa ajili ya albamu. Mitaani dola mwaka 2025 ilipita faranga 7,000, na hapo albamu ileile imefika 105,000. Ongeza posta ya kitabu kizito kutoka Asia, ongeza ushuru ukitozwa, ongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kitu ambacho kwa msichana wa Seoul ni chakula cha mchana mara mbili, kwa msichana wa Gitega ni ada na sare. Nasema hivi bila kumdharau anayekitamani. Natamani angekipata. Lakini bei iliyoandikwa kwenye duka la mtandaoni haikuandikwa kwa ajili yake, na hapaswi kujiona shabiki nusu kwa sababu hiyo.

Uanachama ni mwepesi zaidi kwa kuwa hausafirishwi. Weverse, programu ya HYBE iliyoanza Juni 2019, hukuruhusu kusoma na kutazama mengi bila kulipa. Uanachama rasmi wa mashabiki wa BTS wa nje ya Korea unazidi kidogo dola 20 kwa mwaka, na faida yake kubwa ni nafasi ya mapema ya kununua tiketi za maonyesho. Tamasha lenyewe litafanyika wapi? Ukijua huendi Seoul wala Paris mwaka huu, unalipia foleni ambayo hutasimama. Programu nyingine, Bubble, iliyoanza 2020, inakuuzia ujumbe kutoka kwa msanii kwa dola 4 hadi 5 kwa mwezi, na bei hupanda kila unapoongeza msanii. Ujumbe unakuja na jina lako, kama amekuandikia wewe peke yako. Ameuandika mara moja, ukatumwa kwa maelfu. Kwa mwaka ni dola 50 hadi 60, ambazo kwa bei ya mitaani ni zaidi ya faranga 350,000. Katika kila kinachouzwa na biashara hii, hicho ndicho ningekuwa wa kwanza kukiacha, na nadhani kinawaumiza zaidi wale walio wapweke.

Malipo yote hayo yanataka kadi ya benki ya kimataifa. Aliyezoea Lumicash au Ecocash atahitaji mtu wa kumlipia, na hapo ndipo watu hupoteza fedha. Nitalirudia hili.

Kwa anayetaka picha ukutani au kadi kwenye mfuko wa simu, studio yoyote ya picha mjini inaweza kukuchapia. Mabegi na fulana zenye sura za BTS huingia pamoja na mizigo mingine kutoka Dar es Salaam kupitia mpaka wa Kobero. Si bidhaa rasmi, msanii hapati kitu, na rangi hutoka zikifuliwa. Zinakupa furaha ya kuonekana na wenzako kwa bei ya soko la kwetu, ilimradi muuzaji asikutoze bei ya kitu halisi. Kama fulana inadaiwa kuwa ya kweli, omba uone nembo ya hakikisho. Isipokuwapo, lipa bei ya fulana.

Anayelipa, hata kwa mega tu, ana haki ya kujua fedha inakokwenda. Johnny Kitagawa, mwanzilishi wa kampuni ile ya vikundi vya wavulana, alikufa Julai 2019 akiheshimiwa kama baba wa burudani ya Japani. Machi 2023 BBC ilirusha filamu kuhusu wavulana aliowanajisi, na Septemba mwaka huo kampuni yake ilikiri, ikabadili jina kuwa Smile-Up kwa ajili ya kulipa fidia, na waathirika waliofidiwa ni mamia. Magazeti na televisheni za huko zilijua minong'ono hiyo kwa miongo. Mwaka 2013 Minami Minegishi wa AKB48 alinyoa kichwa na kulia mbele ya kamera kuomba radhi kwa kuwa alilala nyumbani kwa mwanaume, akiwa na miaka 20. Kosa lake lilikuwa kuvunja ahadi kwamba mashabiki ndio pekee aliowapenda.

Korea haina usafi wa kujivunia. Mwaka 2009 watatu kati ya watano wa kikundi cha TVXQ walikwenda mahakamani kuupinga mkataba wa miaka 13, na mwaka huohuo tume ya ushindani ya nchi hiyo ikaweka mkataba wa mfano wenye ukomo wa miaka 7. Ndiyo sababu vikundi vingi huvunjika au kujadili upya mwaka wa saba. Mwimbaji Sulli alikufa Oktoba 2019 na mwimbaji mwenzake Goo Hara Novemba mwaka huohuo, wote wawili baada ya miaka ya kushambuliwa mitandaoni. Siwezi kusema nchi moja ni safi kuliko nyingine. Tofauti ninayoiona ni kwamba mikataba ya Kikorea imefika mahakamani na kubadilishwa wasanii wakiwa bado vijana, na maovu ya Japani yalinyamaziwa mpaka mwenye kosa akawa kaburini. Hilo kwangu lina uzito kuliko bei ya albamu.

Nimeulizwa na wazazi kwa nini binti afuate Wakorea ilhali nyumbani kuna ngoma. Ni swali zuri na linastahili jibu la kweli. Gishora, nyumbani kwa ngoma za kifalme, ipo kilomita 7 tu kutoka mjini Gitega, na uchezaji wa ngoma hizo uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014. Anayetaka kuona kundi la watu wanaosogea kama mwili mmoja, kwa nidhamu isiyopungua ya Seoul, aende huko. Nauli ya pikipiki ni ndogo kuliko bando. Lakini amri ya Rais Pierre Nkurunziza ya Oktoba 2017 ilisema wanaoruhusiwa kupiga ngoma hizo ni wanaume, na mwandaaji wa onyesho akatakiwa ruhusa ya wizara na malipo ya faranga 500,000. Binti anayewaona BLACKPINK wakiongoza jukwaa la tamasha la Coachella mwezi Aprili 2023, wanawake wanne mbele ya umati ule, anaona kitu ambacho Gishora haijampa nafasi ya kukifanya. Mzazi anayetaka kumrudisha kwenye utamaduni wake aanze kwa kukiri hilo. Na kikundi cha wasichana wanaojifunza hatua za video uani, kwa simu moja na spika ya kuazima, ndiyo namna ya bei ya chini kabisa ya kuupenda muziki huu, na hata wasipoendelea nao mwili utakuwa umepata nguvu na urafiki utabaki.

Lugha nayo ni gharama, ya muda. Herufi za Kikorea ni 24 za msingi na mtu makini huzisoma ndani ya wiki moja. Kijapani kina silabi 46 zilizoandikwa kwa mitindo miwili, na juu yake alama za Kichina 2,136 zinazofundishwa shuleni. Kwa macho, Korea ni rahisi mno. Kwa ulimi ni kinyume: silabi za Kijapani karibu zote huishia na irabu kama zetu, na anayesema Kirundi au Kiswahili huimba kiitikio cha Kijapani siku ya kwanza bila kujikwaa, wakati konsonanti za Kikorea zilizofungwa mwishoni zinataka mazoezi. Jambo ambalo wengi hawalijui: NHK, shirika la utangazaji la Japani, lina idhaa ya Kiswahili, na kwenye tovuti yake kuna masomo ya Kijapani kwa Kiswahili, bure, ya sauti, mepesi kwa mega. KBS ya Korea haina Kiswahili lakini ina Kifaransa.

Hapo kwenye lugha ndipo Gitega na Muyinga zinapoachana kidogo. Muyinga, yenye Waswahili wake wa siku nyingi na biashara ya Tanzania, ina njia ya Kiswahili: idhaa ya NHK na tamthilia za Kikorea zilizosimuliwa kwa Kiswahili kama "Jumong" ya 2006, zilizotazamwa sana Tanzania na kusambaa kwa diski na flashi. Tamthilia hizo ni mlango mzuri wa nyimbo za Kikorea za taratibu, zinazosikika bila video. Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, ina wanafunzi wengi wanaosoma Kifaransa vizuri, na anime yenye Kifaransa pamoja na maandishi ya Kifaransa chini ya video za Wakorea huwafungulia zaidi. Kwa hiyo kwa bando dogo la Muyinga ningechagua Japani kwa kusikiliza na Korea kwa tamthilia za flashi. Kwa mwanafunzi wa Gitega mwenye giga mbili kwa wiki na marafiki wanaocheza, Korea inamlipa zaidi, kwa sharti kwamba atanunua mega na kuacha vitu. Anayeshindwa kuamua na awaangalie TWICE, waliotokea Oktoba 2015 chini ya JYP wakiwa na Wajapani watatu, Momo, Sana na Mina, wanaoimba kwa lugha zote mbili.

Na kama bado unataka albamu halisi, ungana na wenzako. Watu watano wanaoagiza kwa pamoja hugawana posta, na posta ndiyo inayoumiza. Aliye na ndugu Kigali, Nairobi au Ubelgiji amwombe alipie kwa kadi na alete akija, maana mzigo unaobebwa mkononi hauna posta. Usimtumie fedha kwa Lumicash mtu uliyemjua kwenye kundi la WhatsApp au Telegram, hata akikuonyesha picha za maboksi. Mwombe picha ya risiti ya duka yenye tarehe na namba ya oda, kisha mwenzako mmoja aifuatilie namba hiyo kwenye tovuti ya msafirishaji. Mlipeni nusu ikionekana imetoka Korea, na nusu ikifika mikononi. Akikataa masharti hayo, albamu nyingine itatoka baada ya miezi sita. Kampuni hizi hazijawahi kukosa cha kuuza.